Mpira Haujaanza, Wanaongea Tu

"Mpira haujaanza, wanaongea tu." Sentensi hiyo, ya kutunyima uchambuzi wa kabla ya mechi, ipigwe marufuku hapa Kisumu, Kondele, Manyatta, Nyalenda na popote palipo na benchi, dikoda na mwenye remoti.

Chanzo ni Waingereza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wamerudisha saa zao nyuma kama kawaida yao, na wanaoumia ni sisi tunaokaa hapa kando ya ikweta, ambako jua halijabadilisha ratiba tangu Nuhu. Mechi yao ya Ligi Kuu ya saa tisa mchana, ambayo tangu Agosti tumeitazama saa kumi na moja jioni, sasa ni saa kumi na mbili. Ubao wa kibanda cha mpira bado unasema kumi na moja. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya Novemba watu wazima, wenye familia, wamebanana kwenye benchi, shilingi 50 zao zimeshaingia mkobani kwa mama mwenye kibanda, na filimbi iko saa nzima mbele. Na hapo ni afadhali. Machi wakizisogeza mbele, unaingia na jezi yako iliyopigwa pasi, unapangusa kiti, na refa anaanzisha kipindi cha pili.

Mwenye akili ataiona saa hiyo moja kuwa neema. Kabla ya mechi timu yako haijafungwa. Beki wa kushoto hajateleza, penalti haijakataliwa, wewe na yule wa Manchester mnaazimana kiberiti. Kikosi hutoka saa moja na robo kabla ya mpira, 11 wa kuanza na 9 wa benchi, na shabiki makini hasomi majina tu, anasoma nani hayupo. Kisha wanapasha misuli. Makipa hutangulia, wengine wanafuata, wanazungusha mpira duarani. Hapo ndipo pa kukodolea macho: anayeshika nyuma ya paja na kurudi ndani na daktari, jina lake liko kwenye karatasi lakini hachezi, anaingia mtu wa benchi. Mwenye mkeka wa kubeti anayekuja filimbi ikilia hajui hilo mpaka mkeka uchanike.

(Wenye timu za fantasi, za kujichagulia wachezaji mtandaoni, msinianze. Dirisha lenu la kubadilisha wachezaji hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza, vikosi vinatoka zikibaki 75. Hizo dakika 15 ziliwekwa na mtu mwenye roho mbaya.)

Haya yote yanaendelea Uingereza. Hapa Kondele, kwenye skrini, kuna harusi ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, na bwana harusi hajatokea.

"Mama, samahani, tunaomba stesheni ya mpira."

"Mpira ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili. Lakini kuna uchambuzi."

"Wachambue. Wakimaliza mtaniita."

Tukamtuma jaduong', yaani mzee wetu, mwalimu mstaafu, mtu wa kukohoa kabla ya kusema. Akakohoa. Akasema kwamba sisi ni wateja, tumelipa, na mteja ana haki zake. Mama hakugeuza hata shingo. "Mwalimu, soma ubao. Umeandikwa MPIRA 50. Uchambuzi umeandikwa wapi?"

Mwalimu akasoma ubao. Haukuwa umeandikwa.

Ikawa ni shilingi kumi zaidi kila mtu, tukachanga tukinung'unika, na hatimaye studio ikatokea: wanaume watatu na dada mmoja, suti safi, meza inang'aa, nyuma yao uwanja umelowa na mtangazaji ameshika mwavuli. Tukavuta pumzi. Tulidhani tumenunua na kimya.

"Huyo wa bluu ni nani?"

"Alikuwa mchezaji, Mama."

"Mbona hachezi?"

"Amestaafu."

"Na huyo wa tai?"

"Alikuwa kocha."

"Timu yake iko wapi?"

Benchi likanyamaza. Mtu mmoja, kwa sauti ya msibani, akasema alifutwa.

"Kwa hiyo aliyefutwa ndiye anawafundisha wenye kazi." Akafunga leso vizuri. "Sasa amesema nini?"

"Amesema bao la kwanza litakuwa muhimu."

"Kuna siku lilikuwa takataka? Ehe, endeleeni."

"Amesema timu zote mbili zinahitaji pointi tatu."

"Wapewe."

"Haiwezekani, Mama. Anapata mshindi peke yake."

"Basi wagawane."

"Wakitoka sare ndiyo wanagawana. Kila mmoja anapata moja."

Mama akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. "Moja na moja ni mbili. Ile ya tatu imeenda wapi?"

Watu zaidi ya thelathini, wengine wanataja kikosi cha Arsenal cha 2004 kuanzia kipa hadi mfua jezi, na hakuna aliyewahi kuulizia pointi ya tatu. Mwalimu alikohoa lakini baada ya kikohozi halikuja neno. Najua jibu, na nililijua pale pale: Waingereza walianza kutoa 3 kwa ushindi mwaka 1981, ili timu ziache kuridhika na sare. Kabla ya hapo ushindi ulikuwa 2, na sare ilikuwa mgawanyo halali usiobakisha kitu. Nikaanza kueleza kwa utaratibu. Mama akaniambia, "Kwa hiyo mmoja ameiba tangu 1981 na mnamchekelea." Jamani! Mimi nilitaka kusikia kama kiungo mkabaji atacheza peke yake ama atawekewa mwenzake! Tumelipa kumi! Mchoro ulipita, mishale ikapita, mtu akazungushiwa duara jekundu, na mimi niko pale natetea hesabu za ligi ya watu mbele ya mama mwenye remoti chini ya paja!

Kisha ikaja mvua. Mvua ya Kisumu ina ratiba ya mechi mfukoni. Mchana kutwa joto linavuta upepo kutoka ziwani, wingu linajikusanya upande wa milima ya Nandi, na jioni, studio ikikolea, linateremka. Mawimbi yametoka kwenye setilaiti kilomita 36,000 juu bila kuguswa na chochote, yanakuja kufia kilomita chache za mwisho kwa sababu ya matone manene. Picha ikaganda, yule wa tai kinywa wazi, kidole hewani.

"Amechoka," Mama akasema.

Na mvua husingiziwa. Kwenye menyu ya dikoda kuna mistari miwili, nguvu na ubora, na kila mtu hutazama nguvu. Ubora ndio unaoleta picha. Ukiwa nusu siku ya jua, wingu la kwanza linaumaliza. Mara nyingi tatizo ni LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi, iliyolegea ikajizungusha kidogo, au kiungio cha waya hakikufungwa mkanda, maji yakaingia. Hata waya wenyewe ulipaswa kuning'inia chini kidogo kabla ya kupenya ukutani ili maji yadondoke nje, lakini wa kwetu unateremka moja kwa moja, na maji nayo yanaufuata mpaka nyuma ya tivi. Radi ikapungua, kijana akapanda juu ya mabati, mwingine mlangoni anapokezana kelele na walio ndani: "Hapo! Hapo! Umepita! Rudi! Usipumue!"

Katikati ya hayo simu inalia. Jamaa yuko Birmingham, anataka nimwonyeshe mechi kwa video. Huko kwao Jumamosi, kuanzia saa tisa kasorobo mchana hadi saa kumi na moja na robo, ni marufuku mechi kuonyeshwa moja kwa moja, eti watu waende viwanjani kutazama timu ndogo. Mtu anaweza kwenda uwanjani kwa basi moja, lakini tikiti hana, na tivi yake haionyeshi, kwa hiyo anategemea kibanda cha Kondele, bando langu, na kijana aliye juu ya mabati.

"Ni nani huyo anachungulia?" Mama akauliza.

"Ni ndugu, yuko Uingereza."

"Mwambie ni 60. Atume kwa simu."

Akatuma, mjinga. Kisha kwa kuwa picha bado ilikuwa imeganda, akauliza kama omena bado inapimwa kwa gorogoro, lile kopo la sokoni. Inapimwa, nikamwambia, lakini gorogoro ya siku hizi imegongwa kitako kikaingia ndani, ukiigeuza unakuta bonde, na ukilalamika muuzaji anakuongezea samaki sita, anawahesabu kwa sauti ili soko zima lisikie.