Sikuvaa Shela, Lilikuwa Hema la Choo

Jamani, kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti aliyorekodi mpishi wetu wa mlimani, kwamba nilitoka chooni nimevaa shela kama bi harusi, namwita mama, suruali chini, nipeni na mimi nafasi. Ameeleza vizuri, simnyimi haki yake, ila chumvi aliyotia humo inazidi ile ya mtori wake. Sikuvaa shela. Sikumwita mama. Na suruali, ndugu zangu, niliishika kwa mkono mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa tukio.

Mnaonijua mnaijua kazi yangu. Miezi ambayo sipandi mlima nashinda stoo pale Moshi natengeneza mahema: zipu, vitambaa, na hasa fito. Kwa hiyo ufito wa hema la choo cha wageni ulipopasuka jioni ile kambini Karanga, huko Kilimanjaro, kiongozi hakuuliza nani anaweza. Alininyooshea kidole tu. Nami, Mungu anisamehe, nikasema: "Dakika kumi, mkuu."

(Najua kuna mtu yuko njiani kuandika "fundi wa dakika kumi". Umechelewa, mke wangu ameshakuwahi.)

Hema la choo ni lile refu, jembamba, mfano wa kabati la nguo, ndani yake kimekaa choo cha plastiki cha kubebeka. Letu linasimama kwa fito mbili za faiba zinazopita kwenye ala za kitambaa na kupishana juu. Kila ufito ni vipande kadhaa vya unene wa milimita 9.5, vimeunganishwa kwa shingo za chuma, na ndani unapita mpira mmoja unaovishika vyote visipotee. Kipande cha pili kutoka chini ndicho kilichopasuka. Faiba haivunjiki kama muwa. Inachanika kwa urefu, nyuzinyuzi, na ukiishika bila glovu, miiba yake unaihesabu kiganjani wiki nzima.

Dawa ya haraka inajulikana. Unachukua kibomba cha alumini cha sentimita 12 hivi, kipana kidogo tu kuliko ufito. Unazilaza zile nyuzi kwa tepu nyembamba, unapitisha kibomba mpaka ufa ukae katikati, sentimita 6 juu, 6 chini, halafu unafunga tepu kwenye ncha zote mbili, nusu ikishika bomba na nusu ikishika ufito. Hili nawafundisha vijana wa stoo kila msimu, na nawafundisha kwa sauti ya ukali. Nawaambia pia kwamba ufa ulio karibu na shingo hautibiwi kwa kibomba, maana shingo ni nene na itakizuia kisipite. Hapo unabadilisha kipande kizima, basi.

Ufa wangu ulikuwa sentimita 2 chini ya shingo.

Nilijua. Hapo ndipo panaponiuma. Kibomba kikashika sentimita 2 juu ya ufa na 10 chini yake, nikajiambia itatosha, kesho tunahama. Nikasahau na jambo la pili ambalo mimi mwenyewe ndiye mwalimu wake: kwenye hema la kulala ufito umepinda, na ule mpindo ndio unaokibana kibomba kisiteleze. Kwenye hema la choo ile sehemu ya chini imesimama wima. Kinachokishikilia kibomba ni tepu peke yake. Na tepu kwenye baridi ya karibu mita 4,000 inakuwa kama karatasi ya pipi, hainati. Ilitakiwa niipashe kwapani robo saa kwanza, na ufito niufute unyevu mpaka ukauke. Sikufanya hata kimoja. Bisi za wageni zilikuwa zimebaki jikoni na wagumu, yaani wapagazi wenzangu, walishaanza kuzizunguka.

Usiku upepo ukavuma. Hema likasimama. Nikalala kifua mbele.

Sasa asubuhi. Mpishi hajawaambia kwa nini nilikuwa mle ndani, kwa sababu maharage yaliyonituma aliyapika yeye, na yalikuwa yameiva nusu. Nilikwenda kwanza choo cha kambi, nikakuta foleni ya makundi matatu. Sheria ni kwamba choo cha wageni ni cha wageni. Lakini fundi ana haki ya kukagua kazi yake, au siyo? Nikatazama huku na huku. Wageni wote sita walikuwa kwenye hema la chakula, wanakunywa uji. Nikaingia, nikafunga zipu, nikakaa kukagua.

Nilisikia kitu kidogo tu: tik.

Nikageuka. Kupitia uwazi wa ala pale chini niliona kibomba changu kimeshashuka, kimekalia shingo ya kipande cha kwanza, kimetulia kabisa kama soksi iliyolegea mpira. Juu yake ufa ulikuwa unafunguka na kujifumba, unafunguka na kujifumba, kila upepo ukisukuma. Tepu ilikuwa inaning'inia. Nilinyoosha mkono wa kulia polepole, kama mtu anayetaka kukamata kuku bila kumshtua. Wa kushoto ulikuwa na kazi ya suruali.

Vidole vilikuwa vimebakiza kama sentimita tano hivi.

Upepo wa Karanga ukaja wote kwa pamoja. Ufito uliopindwa usiku kucha ukapata nafasi ya kunyooka, ukanyooka kama upinde. Ncha iliyovunjika ikatoboa ala, ikachana kitambaa kutoka kiunoni kwangu hadi sikioni, ikaubeba mzula wangu ikautupa sijui wapi. Paa likanishukia kichwani. Nikasimama, kosa kubwa, kwa sababu vigingi vya upande wa juu nilikuwa nimevichomeka kwenye changarawe bila kuviwekea mawe. Vikang'oka, vyote vinne, pap pap pap pap. Zipu ilikuwa imehamia mgongoni. Sioni mbele. Na Karanga, kwa wasiofika, ni mteremko. Mguu mmoja ukaenda, wa pili ukalazimika kuufuata.

Hema la chakula lilikuwa hatua kumi na tano chini yangu, mlango wazi ili wageni waone jua.

Mle ndani ya kitambaa nilisikia vijiko vinaacha kugonga mabakuli. Kimoja, kingine, vyote. Kimya. Kumbukeni tumewafundisha wale watu neno moja tangu geti la Machame tulikoanzia kupanda, siku nne nzima, asubuhi na jioni, wakipanda, wakishuka, wakifunga kamba za viatu. Basi sauti ya mzee mmoja mgeni ikatoka, ya upole kabisa, ya mtu anayejali:

"Pole pole!"

Mpishi alianguka. Hilo nalo hajalisema kwenye sauti yake. Alianguka na sufuria.

Yaliyofuata si ya kusimulia sana. Walinitoa, nilikuwa mzima, choo nacho hakikumwagika, mshukuruni Mungu pamoja nami. Nikatengeneza upya kama nilivyotakiwa tangu jioni: nikafungua fundo kwenye ncha ya ufito, nikavua vipande kimoja kimoja huku naviandika namba kwa kalamu, maana vya mwisho ni vifupi na ukivichanganya hema linasimama limeinama. Nikakata kipande cha badala kutoka ufito chakavu kwa msumeno wa chuma, tepu ikiwa imezungushwa pale pa kukata ili faiba isichanike, maji kidogo ili vumbi lake lisiruke. Mpira mpya wa milimita 3, mfupi kuliko ufito mzima kwa sentimita 20 hivi. Ukiukata sawasawa na ufito unakuwa mlegevu, hasa kwenye baridi. Kitambaa nilikishona kwa uzi wa kusafishia meno, ambao haukatiki ovyo. Aliyenipa ni yule mzee wa pole pole. Jumla, dakika arobaini.

Kiongozi hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kuanzia pale hadi geti la Mweka tunakoshukia, mbeba choo ni mimi.

Nilidhani yameishia mlimani. Jana nafika nyumbani, sijavua hata buti, shemeji yangu kaka wa mke wangu anapiga simu. Ananisalimu kwa heshima zote, anauliza hali ya miguu, anauliza hali ya hewa ya huko juu. Halafu anataka kujua: mchango wa harusi atume kwenye namba yangu, au ya bwana harusi?