Acheni jua jekundu, pigeni mchana mweupe

Kila mwaka ikifika Agosti, simu yangu hujaa jua moja. Jua jekundu, duara kamili kama sahani ya shaba, limekaa kando ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali hapa Lubumbashi, Kongo, na chini yake mtu ameweka vijimoyo vitatu na kuandika “Lubumbashi yetu”. Mimi pia nimelipiga. Ninalo mara arobaini na kitu, kutoka pembe zote, na moja niliwahi kumwuzia bwana mmoja aliyetaka kuipamba ofisi yake.

Sina ugomvi na uzuri wake. Ila jua hilo hudumu kama dakika ishirini, halafu linazimika hata kabla ya kuufikia upeo wa macho, limemezwa na utusitusi. Moshi wenyewe unabaki. Ulikuwepo asubuhi, ulikuwepo mchana, na kesho utakuwepo. Kwa hiyo kama kweli tunataka kupiga picha ya moshi wa kiangazi chetu, tunapiga saa isiyo yake.

Jua likiwa chini, mwanga wake unasafiri mbali ndani ya hewa, na punje za moshi zinautawanya ubluu njiani. Kinachotufikia ni wekundu. Saa sita au saa saba jua likiwa utosini safari ni fupi, hakuna wekundu wowote. Mwanga unatapakaa tu pande zote, na mbingu inakuwa kama maziwa yaliyotiwa majivu. Hakuna wingu, hakuna kivuli chenye makali, na jengo lililo mbali linafifia kama limechorwa kwa penseli mbovu. Watu wanaitazama mbingu hiyo na kusema hakuna cha kupiga.

Mwaka jana nilisimama juu ya dari ya nyumba yetu Katuba, simu imewekwa juu ya tofali. Mama anayeuza makala, yaani makaa, pale chini akaniuliza, “Papa, unapiga foto ya nini? Kule hamuna kintu.” Nikamwambia nalipiga bomba la Gécamines. Akageuka, akakodoa macho. “Bomba liko wapi?”

Basi ndiyo hiyo picha.

Bomba lile lina urefu wa zaidi ya mita 150, na pamoja na mlima mweusi wa mabaki ya shaba ulio kando yake ndiyo alama ya mji huu. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kulichora. Siku ya hewa safi ninaliona toka darini hadi mistari yake. Siku ya moshi wa kawaida ninaona umbo tu, halina mwili. Na ziko siku linakosekana kabisa. Sihitaji mashine ya kupima hewa kujua kwamba kuna kitu kati yangu na bomba, na kwamba kitu hicho ndicho ninachovuta puani.

Tangu hapo nina kazi moja kila kiangazi: mahali palepale, tofali lilelile, saa saba na nusu mchana. Saa hiyo sikuichagua kwa bahati. Suomi NPP, satelaiti ya Wamarekani iliyorushwa mwaka 2011, hupita juu ya eneo letu karibu na muda huo, na picha zake NASA huziweka bure kwenye intaneti. Jioni, megabaiti zikiwepo, naziweka mbili pamoja: mji wangu ukionekana kutoka juu, na mji huohuo kutoka tofalini kwangu. Ya juu inaonyesha vidoti vyekundu vya moto kuanzia Angola, kusini ya Kongo, hadi Zambia, vimejaa kama upele. Ya chini inaonyesha bomba ambalo halipo.

Vidoti hivyo vimewahi kutuletea matata. Agosti 2019, dunia yote ilipokuwa inalia juu ya Amazon, zikaanza kuzunguka ramani zilizoonyesha kwamba Angola na Kongo zina moto mwingi kuliko Brazili. Watu wakashtuka, hata viongozi wakubwa wakausemea. Lakini kidoti kinasema tu kuna joto hapa. Hakisemi kama ni msitu wa mvua unaoangushwa au ni nyasi za miombo zinazoungua chini chini, miti imesimama. Moto wetu mwingi ni huo wa pili. Watu wanasafisha shamba, wanawinda panya wa pori, wanafungua njia, au wanauacha tu uende. Na si kila moto ni uovu: majaribio yaliyofanywa kwa miaka mingi kule Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka, tangu miaka ya 1930, yalionyesha kwamba moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na maji, unauacha mti uchipuke, lakini moto wa Septemba na Oktoba unaua machipukizi. Mzee yeyote wa kijijini anayengoja vinkubala, viwavi wa kuliwa, angewaambia hivyo bila majaribio. Majani yakiungua, viwavi watakula nini?

Halafu kuna makala. Hapa ndipo sisi wa mjini tunapenda kunyamaza. Umeme unakatika, sufuria ya bukari (ugali) haingoji, na asubuhi kinga, yaani baiskeli, inapita imebeba magunia marefu kuliko mwenye kuisukuma. Mti ule umechomwa ndani ya tanuru la udongo linalofuka siku kwa siku. Siwezi kukaa juu ya dari nikipiga picha ya moshi kama vile umetoka kwa watu wengine, huku mbabula wangu, jiko la makala, unawaka chini.

Sasa habari ya simu, maana simu ndiyo adui hapa. Tarehe 9 Septemba 2020, moshi wa mioto ya California uliifunika San Francisco, mchana ukageuka rangi ya chungwa. Watu wakatoa simu, wakapiga, na picha ikatoka ya kijivu! Simu ilidhani rangi ile ni kosa la taa, ikaisahihisha. Kwetu inafanya dhambi ileile kwa upande mwingine: inaona mbingu nyeupe, inaongeza makali, inachimba ubluu usiokuwepo, na bomba lililokuwa limefifia linarudi limesimama vizuri. Simu yangu mpya inafanya hivyo bila kuniuliza. Ninapiga moshi, inanipa hewa safi.

Dawa yake si ngumu. Kama simu ina sehemu ya kurekebisha kwa mkono, ondoa rangi ya kujipanga yenyewe, weka alama ya jua au karibu na Kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga), na usiiguse tena mpaka mvua ije. Ukiibadilisha kila siku, huwezi kulinganisha Jumatatu na Ijumaa. Kama haina sehemu hiyo, bonyeza bombani, shikilia kidole mpaka mwanga ufungwe, na uzime kila kitu kinachojiita urembo wa picha. Kile kitufe cha kuondoa ukungu kwenye programu za kuhariri, kiacheni kabisa. Ukungu ndio habari.

Na usikate ardhi. Hili nililijifunza kwa uchungu. Miaka miwili iliyopita niliweka picha ya mbingu tupu, nyekundu, bila paa wala mti. Baada ya siku mbili ikanirudia kwa jirani ikiwa na maneno mengine: mgodi umelipuka, watu wakimbie. Sijui nani aliyeandika, na hata ningejua, nusu ya kosa ni langu, maana picha ile haikuwa na mahali. Siku hizi lazima ionekane bati la jirani, kamba ya nguo, bomba (au pengo la bomba), na tarehe naiandika juu ya picha yenyewe, siyo pembeni ambapo mtu ataikata.

Asubuhi nayo ina yake. Juni na Julai usiku ni baridi kweli hapa juu, tupo karibu mita 1,200, na hewa baridi inalala chini kama maji kwenye beseni huku yenye joto ikiifunika. Moshi wa usiku unanaswa humo mpaka jua lipashe ardhi. Saa moja asubuhi watoto wanaokwenda shule wanatembea ndani yake, sweta zao za buluu zinapotea moja moja barabarani. Picha hiyo nimeipiga mara moja tu, kwa mgongo, nyuso zisionekane, na bado nilimwomba mama yao.

Binamu yangu anayepiga picha za harusi aliniambia kazi yangu ni ya kuchosha. “Yaya,” yaani kaka, “zote ni moja.” Nikamwekea sitini mfululizo kwenye kompyuta, nikazipitisha haraka. Bomba likaonekana, likafifia, likapotea siku nne, likarudi nusu, likapotea tena. Kuelekea mwisho jakaranda moja pembeni ikapasuka zambarau ghafla, wala sikuwa nimeiona nilipokuwa napiga. Picha ya mwisho ni ya siku iliyofuata mvua ya kwanza, mwishoni mwa Oktoba: bomba zima, mistari yote, na kwa mbali nyuma yake mstari wa miti ambao hatukujua uko pale.

Alinyamaza kidogo, kisha akaomba nimtumie lile jua jekundu. Kuna maharusi wanalitaka kwenye kadi yao. Nikamtumia.