Siku Tano au Miezi Mitatu: Mhadhiri Achague Safari Ipi?

Matangazo mawili ya nafasi za Ujerumani hujirudia katika vyuo vikuu vya Tanzania, na kwa haraka haraka mtu anaweza kudhani ni kitu kimoja. Moja ni la Erasmus+, programu ya Umoja wa Ulaya, inayompeleka mhadhiri kufundisha chuo rafiki kwa siku 5 hadi miezi 2. Jingine ni la DAAD, shirika la Ujerumani linalogharimia wanataaluma, ambalo humpa mhadhiri mwezi 1 hadi 3 wa utafiti.

Milango yake ni tofauti. Erasmus+ ni nafasi ya chuo: bila mkataba kati ya vyuo viwili, barua pepe zako kwa profesa wa huko hazitakufikisha popote, na anayekuteua ni chuo chako. DAAD unaomba mwenyewe, kwa andiko la utafiti na barua ya mwaliko ya mwenyeji. Barua hiyo ndiyo inayochelewesha wengi. Mwaliko wa mistari mitatu wa “tutafurahi kukupokea” hausaidii. Unaofaa hutaja maabara au maktaba utakayotumia, tarehe, na kazi mtakayofanya pamoja.

Wanaopenda safari fupi wana hoja nzito. Idara yenye walimu sita haiwezi kumwachia mmoja miezi mitatu bila mtu kuumia. Siku 5 hufidiwa kwa vipindi viwili vya Jumamosi na maisha yakaendelea. Mama mwenye mtoto mchanga, au mkuu wa idara, anaweza kwenda. Na kwa mhadhiri mwandamizi ambaye tayari anasimamia mwanafunzi wa uzamivu pamoja na mwenzake wa huko, wiki moja ya kukaa meza moja humaliza mambo yaliyokwama mwaka mzima.

Kwa mhadhiri asiye na mwenyeji wa kweli, wiki hiyo hiyo huyeyuka. Jumatatu anatembezwa chuoni, Jumanne anapigwa picha, Ijumaa anakabidhiwa cheti. Katikati lazima zipatikane saa 8 za kufundisha, kwani hicho ndicho kiwango cha chini kwa wiki, na mwenyeji asiyejiandaa humgawia vipindi vya watu wengine ambavyo havihusiani na somo lake. Tena, nauli ya Erasmus+ hukokotolewa kwa umbali wa safari, si kwa bei ya tiketi. Ukichelewa kukata tiketi, tofauti inatoka mfukoni mwako.

Miezi mitatu inazaa zaidi, na hapo sioni ubishi, lakini ni kwa mtu mwenye data au sampuli zinazosubiri kifaa ambacho chuo chake hakina. Anayekwenda “kutafuta mada” atarudi na mada tu. Na sampuli nazo zina njia yake: za binadamu hazitoki Tanzania bila mkataba wa kuhamisha sampuli uliopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Asiyelianza hilo mapema huwasili maabara mikono mitupu, posho ikihesabika kila siku.

Kuna mtego mwingine mdogo unaoumiza. Visa ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, ikiwa ya muda mfupi inaruhusu siku 90 ndani ya siku 180. Julai, Agosti na Septemba zikijumlishwa ni siku 92. Oktoba hadi Desemba, vilevile 92. Mwenye barua ya “miezi mitatu” kamili anajikuta anahitaji visa ya kitaifa ya Ujerumani, ambayo kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi. Dawa ni kuomba mwenyeji aandike tarehe zisizovuka siku 90, kuanzia unapoingia hadi unapotoka. Visa ya muda mfupi huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Ada ya kawaida ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima isipungue euro 30,000. Mtumishi wa chuo cha umma aongeze juu yake kibali cha kusafiri nje ya nchi.

Lakini kinachoamua safari ipi inafaa, kuliko fedha, ni kalenda. Likizo yetu ndefu kwa kawaida huangukia kati ya Julai na Oktoba, na ndiyo idara nyingi hupendekeza ili vipindi visivurugike. Huko Ujerumani mihadhara ya muhula wa kiangazi huisha katikati ya Julai na ya majira ya baridi huanza katikati ya Oktoba. Katikati hapo hakuna darasa la kufundisha, na Agosti wenyeji wengi wako likizo. Kwa hiyo safari ya kufundisha ikipangwa Agosti imekufa kabla haijaanza. Inayofaa ni mianya miwili myembamba: mwanzoni mwa Julai, kama mitihani yetu imeisha, na nusu ya pili ya Oktoba, kabla madarasa yetu hayajapamba moto. Mtafiti anayetaka mashine tu anaweza kwenda Agosti, mradi awe na ahadi ya maandishi kwamba fundi wa maabara atakuwepo.

Ndiyo maana naona idara zinakosea zinapotangaza nafasi kwanza na kuulizana ratiba baadaye. Tangazo likifika Jumatatu na kufungwa Ijumaa, anayeomba ni yule mwenye pasipoti na mwaliko tayari, na kwa kawaida ni yule yule wa mwaka jana. Anayebaki anarithi darasa la watu 300 na karatasi za majaribio za kusahihisha, kisha mwenzake anaongeza machapisho ya kupandia daraja. Barua ya ruhusa ingeweza kutaja jina la anayeshika vipindi, na jina hilo likatangulia kwenye foleni ya safari inayofuata.