Ukialika watu harusini mlimani, waambie habari za mlima

Kadi ilikuwa nzuri kweli. Karatasi nene, maandishi ya dhahabu, majina ya maharusi, jina la mji ule wa mlimani, tarehe, saa nane mchana. Basi, hapakuwa na neno jingine. Shangazi yangu, mwenye miaka sabini na kitu, akajipamba kama anavyojipamba kwa harusi yoyote: gauni la mikono mifupi na viatu vya wazi. Ilipofika saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima. Nikamkuta kajikunyata pembeni ya ukumbi, kajitanda kitambaa cha meza mabegani, vidole vya miguu vimekakamaa. Maharusi wanampenda sana. Hawakumwambia tu.

Tangu siku ile sina maoni mawili: anayewaita watu kwenye harusi ya mbali, hasa mlimani, ana deni la kuwaandikia taarifa kamili, na aiandike akimfikiria mgeni aliye dhaifu kuliko wote. Amfikirie bibi mwenye magoti mabovu, mama mwenye mtoto mchanga, mtu wa presha. Rafiki yako kijana mwenye begi moja mgongoni atajua la kufanya.

Baridi ndiyo inayoumbua wengi. Kwa wastani, kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi za Selsiasi. Aliyeondoka pwani kwenye nyuzi 30 akafika mji ulio mita 2,000 huenda akakuta 17, tena hiyo ni ya mchana. Usiku hushuka zaidi. Kwa hiyo kuandika "njooni na nguo za joto" hakutoshi, maana kila mtu ana joto lake kichwani. Taja vitu: sweta au koti zito, shali, soksi, viatu vya kufunika vidole. Kama sherehe itakuwa kwenye majani, waambie wanawake kabisa kwamba kisigino chembamba kitazama. Na usisahau kofia na mafuta ya kukinga jua. Watu hudhani penye baridi jua haliunguzi, kumbe miale inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000.

Kisha andika kimo cha mji, kwa tarakimu. Hili naliona kubwa kuliko yote na ndilo linalosahaulika zaidi. Kuanzia mita 2,500 hivi mtu mzima wa afya anaweza kuugua kwa sababu ya mwinuko peke yake: kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu. Si kwamba oksijeni imetoroka, bado ni asilimia 21 ya hewa kama kawaida, ila kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, imeshuka hadi karibu robo tatu ya ile ya usawa wa bahari, na kila pumzi inaingiza kidogo. Mji kama Cusco, Peru, uko mita 3,400 hivi, na wageni wengi hushuka pale na ndege moja kwa moja kutoka chini. Wageni wa namna hiyo washauriwe kufika siku moja au mbili kabla, wanywe maji, waache pombe usiku wa kwanza, wapande ngazi taratibu. Kichwa kikizidi kuuma, mtu akaanza kupepesuka au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, hapo hakuna kusubiri keki ikatwe: ateremshwe na apelekwe kwa daktari.

Mwenye sikoseli ana hatari yake ya pekee, kwa sababu hewa nyepesi na baridi vyote viwili vinaweza kumwamshia maumivu makali. Wenye maradhi ya moyo na mapafu, na wajawazito, nao wanahitaji kuongea na daktari kabla hawajalipa nauli. Sasa kadi ikifika wiki mbili kabla ya harusi, atamwona daktari lini? Mimi naona miezi mitatu ndiyo adabu.

Barabarani, usiwape wageni kilomita, wape saa. Kilomita 60 za kona za mlima si kilomita 60 za tambarare, na ukungu ukishuka huongeza saa nyingine juu yake. Waombe wasisafiri usiku. Wanaoendesha wenyewe wakumbushwe kuteremka na gia ndogo, kwa sababu breki iliyokanyagwa mteremko mzima hupata moto mpaka inagoma kushika. Wenye watoto wachanga wawanyonyeshe gari linapopanda na linaposhuka. Kumeza ndiko kunakozibua masikio. Ukitaka kuwaonyesha watoto wakubwa kinachotokea, funga chupa tupu ya plastiki kule juu, uitazame ikifika chini: imebonyea kama imekanyagwa. Na kama mji una sheria yake, itaje mapema. Zermatt, Uswisi, magari ya kawaida ya mafuta hayaruhusiwi kuingia. Gari unaliacha Täsch, kijiji kilicho chini yake, na kumalizia kwa treni, na asiyejua atafika pale na masanduku yake akabaki ameduwaa.

Kuhusu pesa, wenyeji wengi huona haya, na haya hiyo humgharimu mgeni. Sema wazi chumba analipa nani, usafiri wa kutoka hotelini hadi ukumbini ni wa nani, na gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi. Mgeni aliyeambiwa "utajilipia malazi" anaweza kujipanga au kuomba radhi kwa heshima. Aliyenyamaziwa hukopa. Toa pia namba ya mtu mmoja wa kupigiwa, na asiwe bibi harusi. Mtandao wa simu mlimani huja na kwenda, kwa hiyo ramani wawe nayo kwenye karatasi.

Mwaka huu anaoa mdogo wangu, na harusi iko mlimani tena. Taarifa ya wageni nimeiandika mimi. Kabla ya kuituma nilimpigia shangazi nikamsomea yote, mstari kwa mstari, kimo, koti, kona, namba ya simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, na choo kiko mbali gani na ukumbi?" Sikuwa na jibu. Nikapiga simu ukumbini, wakaniambia kuna ngazi ishirini na mbili za kuteremka, hazina pa kushika. Nimeliandika hilo mstari wa kwanza, na fundi anakuja Jumamosi kuweka bomba la kushikilia.