Soketi moja na kahawa yangu

Ulimi bado unawaka ninavyoandika hii na sio pilipili, ni kahawa. Kahawa ya kiwanja cha ndege, kile kidogo cha huku Uganda, jina naficha maana chenji yangu elfu 38 bado iko huko.

Nimetoka nyumbani saa kumi usiku, boda akanipandishia bei eti mafuta yamepanda, sijui yamepanda saa tisa. Kufika, napimwa. Sio begi tu, mimi mwenyewe, juu ya mzani mbele za watu, kijana anasoma kilo kwa sauti kama tuko mnada wa ng'ombe. Haya. Mtu mzima hagombani na mzani.

Nikaenda kidirishani, shati nimechomekea vizuri. "Dada, habari ya asubuhi, naomba kahawa na chapati." Akatoa kipakiti cha unga wa kukoroga, kimetoka ng'ambo. Yaani nchi inauza nje magunia zaidi ya milioni 6 kwa mwaka, kahawa ya robusta imeota yenyewe msituni huku kabla hata ya mababu, mzee wangu kule Zombo mibuni imezunguka nyumba mpaka chooni, halafu mimi nalipa elfu 8 nikoroge kipakiti! Nikameza mate, nikasema sawa dada, weka maji.

"Maji yapo mzee, soketi ndio hakuna."

Soketi iko moja, na imekaliwa na simu ya afande. Nikamfuata nje. "Jambo afande." Akaniangalia polepole kuanzia viatuni. "Iko asilimia 11, ngoja ifike 20." Basi tukasimama mimi na abiria watatu tunaangalia simu kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. 14. 15. Kufika 17 simu ikalia, ni mkewe, na afande akaongea nayo hapohapo ukutani ameinama, habari za posho, habari za maharage, habari za mbuzi wa jirani kuingia shamba, nikaomba Mungu huyo mbuzi afe tumalize. Ikarudi 16!

Mwishowe akachomoa. Dada akachomeka birika, tap! giza, mashine ya kukagua mabegi nayo ikazima. Foleni nzima ikageuka. "Nani amewasha birika?" Dada akaninyooshea kijiko. Mimi! Sijagusa hata waya! Mama mmoja ananiambia mwanangu, kahawa si ungekunywa kwako?

Umeme ukarudi, maji yakachemka, kikombe kikafika mkononi na wakati huohuo tunaitwa kupanda, na kikombe cha moto hakiingii kwenye ndege. Nilimimina chote kooni kwa mara moja, jamani. Nimetoa elfu 50, dada anasema chenji utachukua ukirudi.

Kandege kenyewe ka watu 12, wakanipeleka kiti cha nyuma peke yangu kwa ajili ya zile kilo zangu zilizotangazwa. Chapati ni ya jana, ngumu, nimeitia mfukoni. Kuchungulia dirishani, afande amechomeka tena.