Kabla ya kupangisha fremu, halmashauri itutajie thamani yake

Halmashauri ikiuza kiwanja, mji mzima hupata habari. Eneo la wazi likianza kuchimbwa msingi, watu huulizana, diwani hupigiwa simu na mwenyekiti wa mtaa hutakiwa maelezo hadi usiku. Mali hiyo hiyo ikipangishwa kwa kodi ya kutupa, kwa miaka mingi, hakuna anayeshtuka. Mimi naamini hapa Dodoma upotevu mkubwa uko kwenye kupangisha kuliko kwenye kuuza, kwa sababu mauzo huonekana na pango halionekani.

Anayefanya biashara mjini anajua mambo yanavyokwenda. Ukitaka fremu ya halmashauri iliyokaa pazuri, aghalabu wa kwanza kukutana naye ni dalali. Anakutajia kilemba kwanza, yaani fedha ya kuachiwa fremu, kodi baadaye. Mwenye jina kwenye mkataba hauzi hata pipi. Kazi yake ni kulipa kodi ndogo ya halmashauri na kupokea kodi ya bei ya mtaani kutoka kwako wewe unayefungua mlango saa moja asubuhi. Tofauti ya kodi hizo mbili ingeweza kuwa madawati au dawa za zahanati. Inaishia mfukoni mwa mtu ambaye hakuweka tofali hata moja. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu Serikali za Mitaa inapofikishwa bungeni, tena hapa hapa mjini kwetu, hoja za vibanda visivyo na mikataba na kodi zisizokusanywa si ngeni kwa yeyote anayezifuatilia.

Chanzo chake, kwa maoni yangu, ni kwamba kodi hupangwa kabla thamani haijajulikana. Tuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, iliyoweka Mthamini Mkuu wa Serikali na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Taaluma ipo. Mthamini akipewa fremu ataangalia kodi zinazolipwa kweli na majirani zake, ukubwa wa chumba, wingi wa wapita njia na hali ya jengo. Kiwanja atakilinganisha na mauzo ya karibuni ya eneo hilo. Jengo lisilo na soko la kulinganishia, mfano ukumbi wa kata, atalipigia gharama ya kulijenga upya kisha atoe uchakavu. Kikao kikichukua kodi ya zamani na kuongeza elfu kadhaa juu yake, hakijathamini kitu.

Na Dodoma hii haiwezi kwenda kwa kodi za zamani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Wizara zimehamia Mtumba, mabasi yamehamia stendi ya Nzuguni, na tangu Julai 2024 treni ya SGR inashusha abiria Dodoma. Kila hatua kama hiyo hupandisha thamani ya upande mmoja wa mji na pengine kuishusha ya upande mwingine. Mkataba wa pango usio na kipengele cha kupitia kodi kila baada ya miaka michache unampa mpangaji faida yote ya mji kukua. Wakati mwingine humwonea: aliyepanga karibu na stendi ya zamani bado anadaiwa kodi ya enzi ambayo mabasi yalikuwa yakisimama mlangoni pake.

Hatari ya kukosea hesabu hii waliiona watu wa Chicago, Marekani. Mwaka 2008 jiji lao lilikodisha mita za maegesho ya magari kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, kwa takriban dola bilioni 1.15. Madiwani walipewa siku chache tu kabla ya kupiga kura. Mwaka uliofuata mkaguzi wa jiji hilo akaonyesha kwamba walikuwa wameachia karibu dola milioni 974 za thamani halisi. Mkataba ulishasainiwa. Wajukuu wa madiwani wale wataendelea kulipia maegesho kwenye barabara za mji wao wenyewe, na fedha zitaenda kwa wawekezaji.

Dodoma tunaelewa uzito wa muda kwenye karatasi kuliko miji mingi. Chini ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tulizoea hati za ardhi za miaka 33, na mamlaka hiyo ilipovunjwa Mei 2017 ndipo tukaahidiwa 99. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba pango la miaka 33 ni pango tu. Mtoto anazaliwa, anasoma, anaoa, na eneo bado liko mikononi mwa mpangaji yule yule. Pango refu namna hiyo lipitie ukali ule ule wa mauzo: tangazo, ushindani wa wazi, na taarifa ya mthamini mezani kabla ya kura ya madiwani.

Kuna eneo moja ambako nakubali mambo ni magumu zaidi, nalo ni vibanda ambavyo wafanyabiashara wamejijengea kwenye ardhi ya halmashauri. Makubaliano huwa kwamba mjenzi atatumia jengo hadi gharama yake irudi, kisha liwe mali ya halmashauri. Gharama ilikuwa kiasi gani? Nani aliithibitisha siku ile saruji inamwagwa? Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa: halmashauri inasema muda umekwisha, mfanyabiashara anasema bado anadai, na kila upande una karatasi yake au hauna kabisa. Sioni haki katika kumfungia mtu kibanda kwa kufuli na polisi kwa kosa la halmashauri kutopima gharama siku ya kwanza. Mthamini angeitwa ujenzi ulipokamilika, tarehe ya kukabidhi ingejulikana na wote tangu mwanzo.

Najua pingamizi la haraka: kodi ya soko itawatoa mama lishe na wauza mboga. Hofu hiyo naiheshimu, maana masoko haya yalijengwa kwa ajili yao. Uingereza, sheria yao ya serikali za mitaa ya 1972, kifungu cha 123, inakataza halmashauri kutoa ardhi kwa chini ya bei bora inayoweza kupatikana bila kibali cha waziri. Lakini mwaka 2003 ulitolewa kibali cha jumla kwa England: bei inaweza kushuka kwa manufaa ya wakazi wa eneo, mradi tofauti na thamani halisi isizidi pauni milioni 2. Msingi wa utaratibu huo naupenda. Punguzo linaruhusiwa, ila ni lazima ujue umepunguza kiasi gani na kwa ajili ya nani. Mama lishe apewe kizimba chake sokoni kwa nusu ya thamani, iandikwe hivyo, na apewe yeye anayepika, asipewe mtu wa kumkodishia.

Ninachoomba kianze sasa ni orodha ibandikwe kwenye kila soko, ukutani, pale pale wanapopita watu: namba ya fremu, ukubwa wake, aliyepangishwa, kodi aliyoipendekeza mthamini, kodi anayolipa, na siku mkataba unapokwisha. Nimesikia watu wakisema majina ni siri ya mpangaji. Mbona zabuni za umma hutangaza mshindi na bei yake? Aliyepewa mali ya wakazi wa jiji kwa masharti halali hana cha kuficha. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi na hufanyika kila robo mwaka. Sisi wenye fremu za kukodishiwa kwenye masoko ya Majengo na Sabasaba, tumwombe kila diwani wetu aiulize orodha hiyo kwenye kikao kijacho, na majibu yaingie kwenye muhtasari.