Ekari tano kwenye njia ya kimbunga

Miongoni mwa Waafrika Mashariki walioko kusini mwa Marekani, kuanzia Houston hadi Florida na North Carolina, ndoto ya shamba haijafa. Mtu amekesha kazini miaka mingi, amelipa kodi ya fleti, na sasa anataka ekari tano nje ya mji: mchicha na maboga nyuma ya nyumba, kuku, mbuzi wachache, kisima chake mwenyewe. Akiitaja mbele ya jamaa, jibu huja haraka. Unajipeleka porini kwenye nchi ya vimbunga? Umeme ukikatika nani atakufikia? Kaa mjini karibu na hospitali, na kama shamba limekukaa rohoni, jenga kwenu.

Wanaosema hivyo hawabahatishi. Kimbunga kikipita, mafundi wa umeme huanza na hospitali, mitambo ya maji na nyaya kubwa zinazolisha maelfu ya nyumba. Waya unaoishia kwa familia tatu mwisho wa barabara ya changarawe husubiri. Na shambani umeme ukienda, maji nayo huenda, kwa kuwa kisima kirefu hakitoi tone bila pampu. Halafu kuna kimbunga Helene. Kilipiga pwani ya Florida usiku wa 26 Septemba 2024, lakini kilichokumbukwa zaidi ni kilichotokea milimani North Carolina, mamia ya kilomita kutoka baharini, ambako watu wengi walidhani vimbunga ni habari za watu wa pwani. Eneo la Busick lilipata mvua ya zaidi ya sentimeta 78 kwa siku chache. Zaidi ya watu 100 walikufa katika jimbo hilo. Barabara zilibebwa na mito, na kuna vijiji vilivyopelekewa chakula na dawa kwa nyumbu wa mizigo. Katika kaunti nyingi za milima hiyo, kaya zilizokuwa na bima ya mafuriko hazikufika hata moja katika mia, na bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko.

Hayo yote ni kweli. Ila ukiyasikiliza vizuri, hoja inadhani kwamba mjini kuna usalama ambao shambani haupo, na hapo ndipo ninapotofautiana nayo. Helene hiyohiyo ilivunja mfumo wa maji wa jiji la Asheville, na wakazi wake hawakupata maji salama ya kunywa bombani hadi 18 Novemba, karibu wiki nane baadaye. Jirani wa kijijini ambaye mafuriko hayakufika kisimani kwake, na aliyekuwa na jenereta au sola ya kuendesha pampu, alikunywa kabla ya mwenye bomba.

Tazama Houston yenyewe. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilimwaga mvua kusini-mashariki mwa Texas hadi mji wa Nederland ukapima zaidi ya mita moja na nusu. Waliouawa moja kwa moja na kimbunga hicho katika jimbo hilo walikuwa 68, na wote isipokuwa watatu walikufa kwa mafuriko ya mvua. Zaidi ya nusu yao walikuwa kaunti ya Harris, yaani Houston na viunga vyake, kwenye lami na zege, hospitali kubwa zikiwa karibu. Julai 2024 kikaja Beryl, kimbunga cha daraja la kwanza tu, lile dhaifu kuliko yote, na zaidi ya wateja milioni 2 wa umeme wa eneo hilo wakabaki gizani kwenye joto la Texas, wengine kwa siku nyingi. Nani alikuwa porini hapo?

Kwa miaka hamsini hadi 2012, karibu nusu ya vifo vya moja kwa moja vya vimbunga Marekani vilitokana na maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu. Kati ya 2013 na 2022 zaidi ya nusu vilitokana na mafuriko ya mvua, ambayo hayaulizi kama uko mjini au shambani, yanauliza tu kama uko bondeni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka ekari tano ni maji yatapita wapi pale, na anayeenda kukitazama kiwanja baada ya mvua kubwa atajua zaidi kuliko aliyekwenda siku ya jua na dalali.

Swali la pili ni la upepo, na hapa kuna takwimu moja ambayo haijaniachia. Alfajiri ya 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Florida kwa upepo wa kilomita 265 kwa saa. Katika mji wa Homestead kulikuwa na nyumba za trela 1,176, zile zinazotengenezwa kiwandani na kuburutwa na lori hadi kiwanjani. Zilizoharibiwa kabisa ni 1,167. Zilisalia tisa. Nyumba za kujengwa ziliumia vibaya pia, na uchunguzi uliofuata ulifichua ujenzi wa kulipua, mapaa yaliyoshikwa na misumari michache, lakini hazikufikia hali hiyo ya mji mzima kubaki na tisa.

Nairudia takwimu hiyo kwa sababu trela ndiyo mwanzo wa shamba kwa mtu wa kipato cha kawaida. Ananunua ardhi kwa akiba yake, anatafuta trela kuukuu ya bei nafuu, anasema tutakaa humu kwa muda huku tukijenga. Tumelelewa na ujenzi wa namna hiyo. Mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali, bati likipatikana tunaezeka, na hata ikichukua miaka kumi hakuna anayekucheka. Kwetu utaratibu huo umewapa watu wa kipato kidogo nyumba zao wenyewe bila deni la benki, na ninauheshimu sana. Lakini kwetu, katika miaka hiyo kumi, familia huwa imepanga chumba mahali pengine au inaishi kwenye nyumba ya babu. Huku, familia inaishi ndani ya kile cha muda, na msimu wa vimbunga unakuja Juni hadi Novemba kila mwaka, mara kumi, kabla nyumba haijapauliwa.

Wanaopinga hulaumu ndoto yenyewe. Mimi naona tatizo liko kwenye mpangilio, na mpangilio unaweza kugeuzwa. Baada ya Andrew, serikali kuu ilikaza kanuni za upepo kwa nyumba za trela mwaka 1994, na kimbunga Charley kilipoipiga Florida mwaka 2004, zilizotengenezwa chini ya kanuni mpya zilistahimili vizuri zaidi kuliko za zamani. Mara nyingi ndani ya kabati la jikoni au la chumbani kuna karatasi ya kiwandani iliyobandikwa, inayoonyesha mwaka na ukanda wa upepo ambao nyumba ilitengenezewa. Dakika moja ya kuisoma ina thamani kuliko rangi mpya na zulia. Na mwenye fedha kidogo anaweza kuanza na kidogo kilicho imara: chumba kimoja na choo, kuta za tofali zilizotiwa nondo, paa lililofungwa ukutani kwa vipande vya chuma, kisha akaongeza vyumba kadiri mkono unavyopata. Ni ujenzi uleule wa kwetu wa kidogo kidogo, ila familia inalala kwenye kilicho imara tangu usiku wa kwanza.

Jenereta nayo ikae mbali na nyumba, mbali na madirisha. Baada ya kimbunga Laura mwaka 2020, moshi wa jenereta uliua watu wengi zaidi Louisiana kuliko maji ya bahari.

Upande wa pili una hoja moja ambayo siwezi kuipunguza, nayo ni mifugo. Mwenye fleti akiambiwa ahame hufunga mlango na kuondoka. Mwenye mbuzi ishirini hubaki. Sheria iliyopitishwa mwaka 2006 baada ya Katrina inazitaka mamlaka ziwe na mipango ya kuhamisha mbwa na paka pamoja na watu wao, lakini mbuzi na ng'ombe hawamo. Kimbunga Florence kilipoleta mafuriko North Carolina mwaka 2018, kuku na bata mzinga zaidi ya milioni 3 walikufa kwenye mabanda. Wafugaji wazoefu hawafungi wanyama wakubwa bandani: wanawaachia kwenye malisho ya juu yasiyo na miti mikubwa, wakiwa na alama au namba ya simu ya mwenyewe mwilini, kisha wao wanaondoka. Kumwacha mnyama uliyemlea kunauma, na anayeona moyo wake hautaweza afuge kuku wachache tu, abaki na bustani.

Hasira za jamaa zetu ningependa zielekezwe kwa wauzaji wa ardhi. Tangu 2019, kutokana na Harvey, sheria ya Texas inamtaka anayeuza nyumba ya kuishi amweleze mnunuzi kama imewahi kufurika. Florida ilianza na yake 1 Oktoba 2024, siku chache baada ya Helene. Lakini sharti hilo la Texas linahusu nyumba. Anayeuza kiwanja kitupu halimgusi, na kiwanja kitupu ndicho anachonunua mwenye ndoto ya shamba. Desemba 2023 serikali ya Marekani ilimshtaki mwuzaji mmoja wa viwanja vya kaunti ya Liberty, kaskazini-mashariki mwa Houston, ikidai aliwavuta wahamiaji wanaozungumza Kihispania kwa mikopo ya riba kubwa na kuwauzia viwanja vinavyofurika. Matangazo ya namna hiyo, ardhi bila kukaguliwa historia ya mikopo, malipo madogo ya kuanzia, yanatufikia na sisi. Mbunge wa jimbo anayetaka kura zetu Texas aulizwe kwa nini historia ya mafuriko ni haki ya anayenunua nyumba na si ya anayenunua ekari tano.